Wortschatz: Sarafu, Ng'ombe na Hazina ya Maneno

Mwanafunzi wa Kiswahili anayejifunza Kijerumani hukutana mapema na neno Wortschatz. Mwalimu hulifasiri kwa neno moja, yaani msamiati, na somo husonga mbele. Fasiri hiyo ni sahihi, lakini inaficha jambo. Msamiati ni istilahi kavu, haimchorei msemaji picha yoyote. Wortschatz, kwa upande wake, ni sitiari nzima iliyofungwa ndani ya neno moja: Wort ni neno, Schatz ni hazina. Mjerumani anayetaja msamiati wa lugha yake, apende asipende, anataja hazina ya maneno.

Makala haya yanakusudia kueleza asili na maana ya neno hilo, na kisha kulipima katika eneo ambalo suala la maneno kupatikana na kupotea si la nadharia tupu. Eneo lenyewe ni Migori na Homa Bay, kusini-magharibi mwa Kenya, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria. Uteuzi huo si wa kubahatisha. Mpaka uliochorwa na Uingereza na Ujerumani katika makubaliano ya mwaka 1886 uliishia ziwani penye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo Migori ilikuwa ukingo wa mwisho wa eneo la Waingereza, ng'ambo yake ikiwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwezi Septemba 1914 askari wa Kijerumani walivuka mpaka huo hadi Kisii, na meli ya Waingereza Winifred ikakabiliwa na Muansa ya Wajerumani katika ghuba ya Karungu, ambayo leo imo katika Kaunti ya Migori. Zaidi ya hayo, kama itakavyoonekana, utafiti mmojawapo unaotajwa sana kuhusu lugha inayofifia Afrika Mashariki ulifanywa hapo Homa Bay, na mmoja wa watafiti wake wawili alikuwa Mjerumani.

Tuanze na sehemu ya kwanza ya neno. Wort halina fumbo kubwa. Lina undugu na verbum la Kilatini, na limekuwa na maana ya neno tangu maandishi ya kale kabisa ya lugha za Kijerumani. Linalostahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa mofolojia ni kwamba lina wingi wa aina mbili. Wörter ni maneno yanayohesabiwa moja moja, kama yalivyo kwenye orodha, na ndiyo maana kamusi huitwa Wörterbuch, kitabu cha maneno. Worte ni maneno yaliyoungana kuwa usemi, kama maneno ya wosia au ya faraja. Kiswahili hakitofautishi mambo hayo kwa umbo. Tunasema "maneno" kwa yote mawili, na hata kwa ugomvi.

Sehemu ya pili ndiyo yenye utajiri. Leo Schatz ni hazina, mali yenye thamani iliyofichwa au kulindwa. Ni pia neno la mapenzi, na Mjerumani humwita mwandani wake mein Schatz kama vile Mswahili anavyoweza kumwita wake johari au lulu. Hata hivyo, maana hiyo ya mali iliyowekwa haikuwa ya kwanza. Katika Kijerumani cha Juu cha Kale neno lilikuwa scaz, na maana yake ilikuwa sarafu, fedha, mali. Katika Kigothi, lugha ambayo Askofu Wulfila aliitafsiria Biblia katika karne ya 4, skatts ni sarafu, na ndilo neno lililotumiwa kwa dinari ya Kirumi. Kiingereza cha Kale kilikuwa na sceatt, sarafu. Katika lugha za Skandinavia neno hilohilo lilichukua maana ya kodi, na hadi leo Mdenishi akisema skat anaweza kuwa anataja kodi, hazina au mpenzi wake. Muktadha ndio utakaoamua, na huenda pia sura ya msemaji.

Ukirudi nyuma zaidi unakutana na ng'ombe. Kifrisia cha Kale kilikuwa na sket, kwa maana ya fedha na vilevile mifugo. Lugha za Kislavoni zina skot, mifugo. Wanaetimolojia hawakubaliani ni nani aliyemkopesha nani kati ya Wajerumani na Waslavoni, lakini kuambatana kwa maana hizo mbili si ajabu. Kilatini kina pecunia, fedha, kutokana na pecus, mifugo. Kabla ya sarafu kuwa sarafu, mali ilikuwa na miguu minne na ilihitaji malisho.

Jambo hili halihitaji maelezo marefu kwa msomaji aliyekulia Migori au Homa Bay. Kwa Wajaluo na kwa Wakuria, mali ilihesabiwa kwa ng'ombe, na mahari huhesabiwa hivyo hadi leo hata pale inapolipwa kwa noti. Ng'ombe wa namna hiyo hakai zizini kama dhahabu inavyokaa sandukuni. Hutoka nyumba hii akaingia nyumba ile, akazaa huko, na uzao wake ukaoa kwingine. Ni mali kwa sababu anahama. Katika Kijaluo pana hata sadfa ya kupendeza kwa mwanafunzi wa isimu. Dhok, kwa maandishi, ni ng'ombe kwa wingi (mmoja ni dhiang'), na dhok vilevile ni mdomo, na kwa hiyo lugha. Umbo lake fupi, dho, ndilo lililomo katika jina la lugha yenyewe, Dholuo, mdomo wa Wajaluo. Isidhaniwe hata kidogo kuwa hili ni neno moja lenye maana mbili. Kiacholi, ambacho ni ndugu wa karibu, kinatenganisha waziwazi dog (mdomo) na dok (ng'ombe). Ni homonimu za kimaandishi tu. Lakini homonimu nzuri humfundisha mtu kuliko etimolojia mbovu, na hii inaweka mdomo na mali mahali pamoja, kama Wortschatz linavyofanya.

Schatz lilipokwisha kuhama kutoka kwenye sarafu inayozunguka hadi kwenye mali iliyowekwa, lilikuwa tayari kwa kazi ya kitaaluma. Njia yake ilipitia Kilatini. Thesauros ya Kigiriki ilikuwa ghala au hazina, na wanazuoni wa Ulaya walipoanza kukusanya maneno waliyaita makusanyo yao kwa jina hilo. Robert Estienne alichapisha Thesaurus linguae Latinae mjini Paris mwaka 1531. Mwaka 1616 Georg Henisch alitoa sehemu ya kwanza ya kazi yake kuhusu Kijerumani, nayo akaipa pia jina la thesaurus. Mwaka uliofuata, 1617, ilianzishwa Weimar jumuiya ya Fruchtbringende Gesellschaft, iliyojitwika kazi ya kuikuza lugha ya Kijerumani na kuipunguzia maneno ya Kifaransa na Kilatini. Mmoja wa wanachama wake, Kaspar Stieler, alichapisha kamusi mwaka 1691, na katika anwani yake ndefu akaiita Teutscher Sprachschatz, yaani hazina ya lugha ya Kijerumani. Thesaurus ilikuwa imevaa nguo za nyumbani. Wortschatz ni tunda la mazingira hayohayo.

Msomaji wa Kiswahili ataona hapa jambo analolijua. Kutafsiri istilahi ya kigeni kipande kwa kipande, ili lugha ijitegemee, ndiyo kazi ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania limekuwa likiifanya tangu kuundwa kwake mwaka 1967. Wajerumani nao hawakufaulu kwa kila neno. Vokabel na Vokabular, kutokana na vocabulum ya Kilatini, yamebaki katika lugha yao hadi leo. Mwanafunzi wa shule hukariri Vokabeln, neno moja baada ya jingine. Hakariri Wortschatz. Hiyo huijenga, huipanua, au huwa anayo au hana.

Je, Kiswahili kilichagua picha gani? Msamiati linahusishwa na musammayat ya Kiarabu, vitu vilivyopewa majina, likiwa na mnasaba na ism, jina, ambalo limetupa pia isimu. Hapo hakuna hazina wala ghala, pana kitendo cha kuita. Kamusi, kwa upande wake, lina picha kubwa kuliko ya Wajerumani. Al-Firuzabadi, mwanaleksikografia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, aliita kamusi yake al-Qamus al-Muhit, bahari kuu inayozunguka dunia, na jina la kitabu hicho kimoja likawa jina la vitabu vyote vya aina yake. Qamus lenyewe ni okeanos ya Kigiriki iliyovaa kilemba. Kwa hiyo Mjerumani ana hazina, Mwarabu na Mswahili wana bahari. Tofauti si ndogo. Hazina ina mwenyewe, ina mlango, na inaweza kuhesabiwa. Bahari haina mlango.

Wajerumani wamehesabu kweli. Kamusi ya tahajia ya Konrad Duden ya mwaka 1880 ilikuwa na vidahizo 27,000 hivi, na toleo la 28 la mwaka 2020 lina vidahizo 148,000. Tarakimu za namna hii hupendwa na magazeti, na hapana shaka zina kazi yake, ila zinapima kitabu. Hazipimi kinywa. Ndiyo maana wanaisimu wa Kijerumani wenyewe waliigawa hazina yao vyumba. Grundwortschatz ni msamiati wa msingi. Erbwortschatz ni maneno ya urithi yasiyokopwa. Aktiver Wortschatz ni maneno ambayo mtu huyatumia, na passiver Wortschatz ni yale anayoyaelewa akiyasikia lakini hayatoki kinywani mwake. Mgawanyo huu wa mwisho ndio utakaotufaa zaidi, na mahali pa kuuonea ni ziwani.

Nenda kwenye mialo ya Mbita au Sindo upande wa Homa Bay, au Sori na Muhuru upande wa Migori, usikilize Kiswahili cha biashara ya samaki. Dagaa ni omena, sangara ni mbuta, sato ni ngege. Ukivuka mpaka kuingia Mkoa wa Mara, samaki haohao wanarejea kuwa dagaa, sangara na sato, na Uganda dagaa huyo ni mukene. Mchuuzi wa Muhuru anazo seti mbili, moja ya kutumia na nyingine ya kuelewa, na hubadilisha kulingana na anayenunua. Hakuna aliyemfundisha istilahi ya msamiati hai na msamiati tuli. Biashara ilitosha.

Mbuta ni neno lililokuja na samaki wake. Sangara hakuwa wa Ziwa Viktoria, aliletwa miaka ya 1950 na 1960, na huko Uganda anaitwa mputa. Ngege ana historia ya kinyume, nayo ni ya kusikitisha. Jina hilo lilikuwa la samaki maalumu aliyepewa jina la kisayansi na Michael Graham mwaka 1928, leo Oreochromis esculentus, aliyekuwa kitoweo mashuhuri cha ziwa hilo. Uvuvi wa kupindukia, ujio wa sato wa Mto Nile na baadaye kuenea kwa sangara vilimmaliza karibu kabisa katika ziwa kuu, akabaki katika vijiziwa vya kando kama Kanyaboli kule Siaya. Neno halikufa naye. Lilihamia kwa sato mgeni, ambaye wavuvi walikuwa na jina lake jingine, nyamami. Kijana wa Homa Bay anayeagiza ngege leo hoteli analetewa samaki ambaye wavuvi wa miaka ya 1920 hawakuwahi kumwita hivyo, kwa kuwa hawakuwahi kumwona. Mwanaleksikografia anayeandika "ngege: aina ya samaki" hajakosea, lakini ameficha msiba mzima nyuma ya nukta mbili.

Hapa sitiari ya hazina inaanza kutikisika. Katika hazina, kitu kikitoka mahali pake huwa wazi. Katika lugha, neno huweza kubaki likimeta wakati kilichokuwa thamani yake kimeondoka.

Kuna hali nyingine iliyo kinyume cha hiyo, ambapo watu wapo, jina lao lipo, na maneno ndiyo yanayoondoka. Wasuba wanaishi katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na kwenye pwani ya Homa Bay inayoelekea Gwassi, na wengine katika Migori. Kwa mujibu wa masimulizi yao, sehemu kubwa ya mababu zao walivuka ziwa wakitoka upande wa Uganda. Kisuba ni lugha ya Kibantu, jamaa wa Kiganda, Kikuria na, kwa umbali zaidi, Kiswahili. Lakini Wasuba walio wengi leo huzungumza Kijaluo, ambacho si cha Kibantu hata kidogo. Mabadiliko hayo yalitafitiwa na Franz Rottland, wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, pamoja na Duncan Okoth Okombo, wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walichapisha makala moja mwaka 1986 na nyingine mwaka 1992, hii ya pili katika kitabu kuhusu vifo vya lugha kilichohaririwa na Matthias Brenzinger. Kichwa cha makala ya kwanza chenyewe kilitaja kitendawili walichokikuta: utambulisho wa Wasuba ulikuwa unakua huku umilisi wa lugha yao ukipungua. Watu walizidi kusema kwamba wao ni Wasuba, na walisema hivyo kwa Kijaluo.

Sababu zinazotajwa zinaeleweka. Kuoana na Wajaluo kulileta Kijaluo hadi jikoni, na mtoto hupokea maneno yake ya kwanza kutoka kwa mama. Kanisa na shule za enzi ya ukoloni vilitumia Kijaluo. Hakuna siku ambapo hazina ya Wasuba iliporwa. Maneno yalirudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka msamiati hai hadi msamiati tuli: babu anazungumza, baba anaelewa na kujibu kwa Kijaluo, mjukuu anajua salamu na majina ya mahali. Neno lisilotamkwa kwa mtoto haliwekwi akiba, liwe limeandikwa au halikuandikwa.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina uchungu wake, maana Kisuba ni ndugu. Ngeli zake ni za jamii moja na zetu. Kila neno la urithi linalotoweka Mfangano ni ushahidi mmoja pungufu katika historia ya Kibantu, na kwa hiyo katika historia ya Kiswahili. Ni ajabu kidogo kwamba vijana wa Homa Bay wanaosomea isimu ya Kibantu hupewa mifano ya Kiganda na Kizulu wakati mfano wa tatu uko umbali wa safari ya mashua.

Mpaka ule wa Wajerumani nao uliacha maneno yake. Kiswahili kilipokea shule kutoka Schule, nalo likaenea hadi Kenya, ingawa Mjaluo akizungumza lugha yake husema skul kwa kufuata Waingereza, na Mzanzibari naye ana skuli. Tukio la kuvutia zaidi ni hela. Utawala wa Kijerumani ulianzisha sarafu ya Heller mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Sarafu zenyewe sasa ni vitu vya makumbusho. Hela imebaki, na kwenye soko la Isebania na Sirare, ambako shilingi za nchi mbili hubadilishana mikono, inasikika mchana kutwa. Neno la sarafu ndogo likawa neno la fedha zote, kinyume kabisa cha scaz, ambalo lilitoka kwenye sarafu mkononi likaenda kufungiwa kabatini. Hapana mtu aliyeihifadhi hela, ilikuwa ikitumika tu.

Mfasiri anayekutana na Wortschatz katika maandishi ya Kijerumani ana hiari kadhaa. Katika kitabu cha kiada, msamiati latosha, na kuandika "hazina ya maneno" kila mara kutamchosha msomaji. Katika ushairi au hotuba, pale mwandishi anapoichezea Schatz, hazina haikwepeki. Ikiwa maandishi yanahusu lugha kama Kisuba, uangalifu unahitajika zaidi, kwa kuwa Kijerumani kina pia Wortbestand, akiba ya maneno iliyopo wakati fulani, na Wortgut, maneno kama mali au shehena inayobebwa na kurithishwa. Wortbestand ya Kisuba inaweza kuandikwa daftarini na mtafiti yeyote mwenye subira na kinasa sauti. Kwa Wortschatz, kwa maana ile ya kale ya scaz, atahitaji watu wawili Mfangano, mmoja wao mtoto, na kitu cha kuzungumzia.